Jeni ya Zfp36 kwa panya: protini inayozima ujumbe

Mtoto wa panya asiye na jeni ya Zfp36 huzaliwa mzima. Mweke na ndugu zake wa uzao mmoja, hutamtambua. Wiki chache baadaye wenzake wananenepa, yeye amebaki nyuma. Miguu inavimba kwenye viungo, macho yanakuwa mekundu, ngozi inafanya vidonda na manyoya yananyonyoka mabaka mabaka. Hajaambukizwa kitu. Kinachomtafuna ni kinga ya mwili wake mwenyewe, iliyowaka ikakosa wa kuizima.

Ili kuelewa jeni hiyo inafanya nini, inabidi turudi kwenye RNA. Maelekezo ya kutengeneza protini yamehifadhiwa kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli. Protini fulani ikihitajika, seli hunakili kipande kinachohusika kuwa RNA mjumbe, na nakala hiyo hutoka nje ya kiini ikasomwe. Wengi wetu somo la darasani liliishia hapo. Lakini nakala ikishasomwa inakwenda wapi? Ikibaki itasomwa tena na tena, na protini itazidi kumiminika hata kama haja yake imekwisha. Ndiyo maana seli ina protini zinazoishika RNA: zipo zinazoilinda, zipo zinazoisafirisha, na zipo zinazoiharibu. Zfp36 ni jeni ya protini iliyo katika kundi hili la mwisho.

Protini yenyewe inaitwa tristetraprolini, kwa kifupi TTP, kwa sababu amino asidi iitwayo prolini imejipanga humo nne nne mahali patatu. Jina hilo halikusaidii kuijua kazi yake. Kazi iko katikati ya protini, kwenye vidole viwili vya zinki. Kidole ni mkunjo mdogo ulioshikiliwa na atomu moja ya zinki; zinki ikitoka, mkunjo unafumuka na protini haishiki tena kitu. Vidole hivi havishiki RNA yoyote ile. Vinatafuta mfuatano wa herufi UUAUUUAUU (kila herufi ni kijenzi kimoja cha mnyororo wa RNA), ambao hukaa upande wa mkiani, baada ya sehemu inayosomwa kuwa protini.

TTP haiikati RNA kwa mkono wake. Ikishaikamata huita kundi la vimeng'enya liitwalo CCR4-NOT, nalo huanza kuutafuna mkia mrefu wa herufi A ulio mwishoni mwa RNA. Mkia huo ndio ngao yake. Ukiisha, iliyobaki huvunjwa upesi.

Miongoni mwa RNA zenye alama hiyo, muhimu kuliko zote hapa ni ile ya TNF, protini inayotoa amri ya uvimbe. Tazama makrofaji, seli mlinzi, inapogusa kipande cha ukuta wa bakteria. RNA ya TNF inapanda ghafla. Wakati huohuo kimeng'enya MK2 kinaibandika TTP fosfeti, yaani kikundi kidogo cha atomu chenye fosforasi, kwenye amino asidi mbili za serini, nayo inafungwa isiweze kufanya kazi, kwa sababu kwa muda huo uvimbe unahitajika. Hatari ikipita fosfeti zinabanduliwa, TTP inafunguliwa, RNA ya TNF inafyekwa. Kwa panya asiye na Zfp36, hatua hiyo ya mwisho haipo.

Tunajuaje kwamba kosa ni TNF? Mwaka 1996 kundi la Perry Blackshear nchini Marekani, lililowatengeneza panya hao, liliwadunga kingamwili za kuzuia TNF tangu wakiwa wadogo, na karibu dalili zote hazikutokea. Kisha mwaka 1999 watafiti walipita njia ya upande wa pili: TTP waliiacha kama ilivyo, wakaondoa tu kile kipande chenye herufi A na U kwenye jeni ya TNF. Panya hao nao waliugua viungo, na utumbo pia. Kwangu jaribio hili ndilo lenye nguvu zaidi, kwa kuwa mshikaji alikuwepo, ila alikosa pa kushika.

Zfp36 ina ndugu wenye vidole vinavyofanana sana na vyake, lakini hawazibiani pengo. Panya akikosa Zfp36l1 hufa angali tumboni. Akikosa Zfp36l2 huzaliwa, ila uboho wake hushindwa kutengeneza damu ya kutosha, naye hufa akiwa mchanga. Kinachowatofautisha ni seli wanamofanyia kazi na wakati wake, kwa hiyo kuiita Zfp36 "jeni ya ugonjwa wa viungo" ni kuipunja.

Wapo pia panya ambao serini zile mbili zimebadilishwa, hivi kwamba TTP yao haifungiki. Wao hutoa TNF kidogo, na maabara ikijaribu kuwasababishia uvimbe wa viungo, huustahimili.