Kijani si msitu: dhana potofu kuhusu kupima na kurudisha uoto Shinyanga

Dhana: Picha ya setilaiti ikiwa ya kijani, miti imeongezeka.

Mwezi Machi Shinyanga yote ni kijani. Mahindi, pamba, nyasi na vichaka, ukivitazama kutoka juu, vinafanana. Ukilinganisha picha ya Oktoba 2005 na ya Machi 2024, umepima mvua, hujapima miti. Chukua picha za msimu uleule, na unaofaa hapa ni Juni hadi mapema Julai: nyasi zimekauka, mahindi yamevunwa, lakini miti mingi bado ina majani. Pamba ndiyo msumbufu kwa sababu hukawia shambani. Mashamba yake yatenge kwa macho, moja baada ya jingine. Tena usitegemee mwaka mmoja, maana mvua zikichelewa kukatika nyasi nazo huchelewa kukauka. Miaka mitatu ya zamani dhidi ya mitatu ya karibuni inatosha.

Dhana: Picha yoyote inafaa kwa eneo lolote.

Landsat, setilaiti za Marekani, ina picha za mita 30 tangu 1982, na zote ni bure tangu 2008, ingawa kwa upande wetu miaka ya 1980 na 1990 ina mapengo mengi. Pikseli moja, yaani kijiraba kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo ekari moja inabeba pikseli nne na nusu hivi. Ngitili (eneo la malisho lililofungwa) ya familia ya ekari mbili ina tisa tu, na za pembeni zimechanganyika na shamba la jirani. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zilizoanza 2015, ina pikseli za mita 10: takriban 40 kwa ekari. Tumia Landsat kwa historia na Sentinel-2 kwa maeneo madogo, ila usipime mabadiliko kwa kulinganisha ramani ya moja na ya nyingine. Mipaka haitalingana, nawe utadhani miti imekatwa pembezoni mwa kila shamba.

Dhana: Ardhi tupu inahitaji miche.

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kumaliza mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, na mafanikio yake makubwa hayakutoka kwenye vitalu. Yalitoka kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000.

Siri iko chini ya ardhi. Piga magoti shambani baada ya kuvuna, utaona visiki vya migunga vyenye machipukizi kumi au zaidi, membamba kama penseli, yaliyotafunwa na mbuzi. Mizizi ni ya miaka mingi na imeshafika kwenye unyevu. Mche wa kitaluni hauna kitu hicho. Chagua machipukizi mawili hadi matatu yaliyonyooka na yenye afya, kata mengine kwa kisu kikali karibu na kisiki, kisha pogolea matawi ya chini ya yale uliyobakiza, usizidi nusu ya urefu. Funga kitambaa chenye rangi ili mchungaji na mwenye jembe waone. Rudia kila baada ya miezi michache, kwani kisiki hakiachi kuchipua.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza miche, hesabu visiki hai. Miche ipeleke pale tu ambapo havipo.

Dhana: Miche 10,000 iliyopandwa ni miti 10,000.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inachukua miche 1,111. Mingi hufa kwa sababu za kawaida kabisa: kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) hakikutolewa, mzizi uliojizungusha haukukatwa, au ilipandwa siku ya mvua ya kwanza wakati udongo ulikuwa umelowa juu tu. Chimba kwanza: unyevu ukifika sentimita 30, panda.

Katika miaka ya mwanzo setilaiti haitaiona miche hiyo. Hesabu iliyo hai kwa miguu mwishoni mwa kiangazi cha kwanza, na piga picha ukisimama kwenye nguzo ileile, ukielekea upande uleule, kila Juni.