Historia simulizi: maana yake na kazi ya anayeikusanya

Historia simulizi ni ushahidi wa mambo yaliyopita unaopatikana kwa kumhoji mtu aliyeyaona au kuyapitia mwenyewe, kisha maneno yake yakarekodiwa na kuhifadhiwa ili wengine wayasikie na kuyachunguza. Bibi akikueleza alivyohamishwa kwao wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja miaka ya 1970, hiyo ni historia simulizi. Akikusimulia jinsi ukoo wao ulivyovuka mto vizazi saba nyuma, hayo ni mapokeo: kayapokea, hakuyaona. Yote mawili yana thamani kubwa, ila hayapimwi kwa namna moja.

Kwetu Tanzania mfano ulio bora ni utafiti wa Vita vya Maji Maji uliofanywa na chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, ukiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi walirudi makwao wakati wa likizo, wakaketi na wazee waliokuwa watoto au vijana vita vilipozuka mwaka 1905. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua habari za vita hivyo alitegemea zaidi karatasi za maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Wazee wa Umatumbini, kusini mwa nchi, walieleza mashamba ya pamba ya lazima na viboko vya maakida, wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Walieleza jinsi watu wa Nandete walivyong'oa mashina ya pamba mwezi Julai, na kwa kitendo hicho vita vikawa vimetangazwa. Tena walieleza jinsi habari za dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, zilivyopita kwa kunong'onezana, na aliyetaka kuzisikia akatoa pesa moja, ile sarafu ndogo ya wakati wa Mjerumani. Jambo hilo la pesa moja naliona kubwa sana. Ofisa aliyekaa bomani angeweza kuona moshi na kuhesabu maiti, lakini mnong'ono wa usiku haukumfikia. Aliyeuhifadhi ni yule aliyenong'onezwa.

Lakini mwaka 1968 Uhuru ulikuwa bado mbichi na nchi nzima ilikuwa inahubiri umoja. Watafiti wa baadaye wamesema kwamba utafiti ule ulitafuta umoja wa makabila kuliko tofauti zao, na kwamba habari za wanawake hazikupewa nafasi ya kutosha. Nakubaliana nao. Msimulizi hujibu alichoulizwa, kwa hiyo swali nalo ni sehemu ya ushahidi na lazima lihifadhiwe pamoja na jibu.

Ndiyo maana kazi kubwa ya mtafiti huanza kabla hajabonyeza kinasa sauti. Husoma kilichokwisha kuandikwa, hujitambulisha kwa wenyeji, humweleza msimulizi sauti yake itakwenda wapi na nani ataisikia, kisha huomba ridhaa. Maswali yake huwa ya wazi. "Je, mliteseka?" ni swali baya, kwa sababu jibu limeshawekwa mdomoni. "Siku ile mlipoamka, mlianza kufanya nini?" humrudisha mtu uani kwake, akakumbuka maji yaliyokuwa jikoni na nani aligonga mlango. Tarehe mtafiti hazilazimishi. Mzee atasema "kabla ya Azimio" (la Arusha) au "mwaka wa vita ya Iddi Amini", na kutoka hapo mtafiti hupata 1967 au 1978 mwenyewe. Na msimulizi akinyamaza, mwache anyamaze. Mara nyingi neno zito huja baada ya kimya ambacho mwenye haraka angekikatiza.

Watu huuliza: kumbukumbu si hukosea? Hukosea. Huko Terni, mji wa viwanda vya chuma nchini Italia, kijana mfanyakazi aitwaye Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Mtafiti Alessandro Portelli alipowahoji wafanyakazi miaka mingi baadaye, wengi walisema aliuawa mwaka 1953, katika ghasia zilizofuata kufukuzwa kazi kwa watu zaidi ya elfu mbili. Portelli hakuyatupa masimulizi hayo. Aliyalinganisha na nyaraka, akapata tarehe sahihi, kisha akauliza kwa nini mji mzima umekihamisha kifo kile. Aliona kwamba walikipeleka palipokuwa na uchungu wao mkubwa zaidi. Karatasi za polisi peke yake zisingemfikisha hapo.

Baada ya mahojiano huja kazi ndefu isiyosifiwa na mtu: kusikiliza tena na kuandika neno kwa neno, kwa lugha ile ile aliyoitumia msimulizi. Mzee aliyesimulia kwa Kimatumbi huandikwa kwa Kimatumbi, tafsiri ikawekwa kando. Pamoja na sauti huhifadhiwa jina lake ikiwa ameruhusu, mahali, tarehe, nani mwingine alikuwepo akisikiliza (mama mbele ya wakwe zake hasemi kama akiwa peke yake), na masharti aliyoyatoa. Wako wanaotaka sauti yao isisikilizwe na mtu mpaka wafe. Wako wanaotaka jina la jirani lifutwe. Masharti hayo huandikwa juu ya faili na kufuatwa, na nakala ya sauti hurudishwa nyumbani kwa aliyesimulia.