Mswada Haurudishwi kwa Sababu ya -na-

Tangu tutoe mwito wa hadithi fupi za kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, kitengo chetu cha uhariri hapa Nairobi kimekuwa kikipokea lalamiko lile lile: eti tunazikataa hadithi zinazosimuliwa kwa wakati uliopo. Wengine wamepiga simu, wengine wamefika kaunta na mswada mkononi. Ni vyema ieleweke kwamba kanuni ya namna hiyo haipo wala haijapata kuwepo. Mswada unarudishwa kwa kuwa ulianza na -li- ya wakati uliopita ukurasa wa kwanza, ukahamia -na- ya wakati uliopo ukurasa wa tatu bila sababu, kisha ukarudi -li- pale mwandishi alipokumbuka.

Tunajua dhana hii ilikotoka. Mwalimu wa insha alisema hadithi ni jambo lililopita, basi. Vijana nao wana yao, kwamba -li- ni ya babu na nyanya na -na- ndiyo ya kisasa. Hapana. Mtangazaji wa mpira redioni alikuwa akisema "anapiga chenga, anaachia shuti" kabla wengi wenu hamjazaliwa, na maelekezo ya jukwaani katika tamthilia ni anaingia, anaketi, anacheka. Hakuna aliyeyaita ya kisasa.

Jambo ambalo waandishi hawalipimi kabla ya kuchagua ni -ka-, ile ya kufuatanisha matukio. Hata kitangulizi chetu cha hadithi kimeibeba: Paukwa? Pakawa. Ukishaweka -li- moja ya kufungulia mlango, -ka- inachukua mzigo wote uliobaki:

"Alishuka Kencom, akavuka barabara, akawapita wauza njugu, akaingia benki asimkute mtu."

Sentensi moja, pumzi moja, na ukanushi wake umekaa palepale bila kelele. Sasa ihamishe:

"Anashuka Kencom. Anavuka barabara. Anawapita wauza njugu. Anaingia benki. Hamkuti mtu."

Ana, ana, ana. Kwa mistari mitano linavumilika, pengine hata linapendeza kama mhusika ana haraka. Kwa kurasa kumi ni tone la bomba bovu usiku. Anayechagua -na- kwa kawaida ameiacha -ka- nyuma, na lazima atafute cha kuziba pengo. Vifaa vipo: kitenzi cha ku-, -ki-, -me- ya hali (kama "amesimama"), na sentensi zisizo na kitendo kabisa:

"Anashuka Kencom na kuvuka barabara, akiwapita wauza njugu. Mlango wa benki uko wazi. Ndani hamna mtu."

Hii tungeichapisha. Lakini iliandikwa upya, haikugeuzwa.

Maana kugeuza ndiko kunakotuletea kazi. Mwandishi anamaliza hadithi kwa -li-, anabadili nia, anaiamuru kompyuta itafute "ali" kila mahali na kuweka "ana". Nasema hivi kwa uzoefu. Niliwahi kuufanyia mswada wangu mwenyewe hivyo, miaka hiyo najiona mjanja. Asali ikawa asana, serikali ikawa serikana, na Halima, mhusika mkuu, akawa Hanama hadi mwisho wa sura. Hayo huonekana upesi. Yasiyoonekana upesi ni "alikuwa na gari" kuwa "anakuwa na gari", wakati kinachotakiwa ni "ana gari" tu. Au "hakuja" kubaki ilivyo kwa sababu haina "ali" ndani yake, wakati hadithi mpya inataka "haji" au "hajaja", na hizo mbili si kitu kimoja. Asiyekuja kabisa na ambaye bado hajafika ni watu tofauti.

Kuhusu lipi ufuate, kitengo hakitoi ushauri juu ya mswada mahususi kabla haujasajiliwa. Kwa jumla tu: kama msimulizi anajua mambo yalivyoishia na angependa kuyachelewesha, kuyapima au kuyajutia, -li- inampa pa kusimama. Kama hajui kilicho nyuma ya mlango na msomaji naye asijue, -na- inafaa. Hadithi inayopita miaka thelathini ya ukoo mmoja kwa -na- inawezekana, ila ni safari ya kupanda mlima na jiko mgongoni.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo simu nyingi zinapotoka. Mswada wenye kuyumba kwa nyakati unarudishwa mara ya kwanza na fomu ya marekebisho. Una siku 21, zikihesabiwa kutoka tarehe ya muhuri, si siku uliyofungua barua pepe. Jumamosi inahesabiwa. Fomu irudi pamoja na mswada. Mswada bila fomu unahesabiwa kuwa mpya na kuwekwa mwisho wa foleni. Ukirudi na kosa lile lile, unarudishwa mara ya pili kwa siku 14. Mara ya tatu unafungwa kwa awamu hii, na kuufungua kunahitaji barua ya maelezo. Si adhabu. Kutuma hadithi ile ile kwa jina jingine ili kukwepa kufungwa, hilo ni kosa, na awamu mbili zinazofuata hutapokelewa.

Mazungumzo ya wahusika hayaguswi na lolote kati ya haya. Mama mboga aseme anavyosema.

Jambo la mwisho linatokana na woga tulioutia wenyewe, nakiri. Kuna waandishi ambao sasa wanafuta kila -na- iliyo ndani ya hadithi ya -li-. "Alimwona anakuja" ni sahihi. Kuona kulikwisha tangu zamani, ila wakati wa kuona, kuja kulikuwa kunaendelea. Ukiandika "alimwona alikuja", umemfikisha mgeni kabla hajaonekana. Vivyo hivyo "akamkuta amelala": ukiigeuza kuwa "akamkuta alilala", unatuambia tu kwamba aliwahi kulala, si kwamba alikutwa usingizini. Wiki jana ulirudi mswada uliosahihishwa kwa mtindo huo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa bidii kubwa, na fomu yake juu. Tumeutuma tena ukiwa na alama za penseli pembeni, tukimwomba mwenyewe arejeshe alichofuta. Hatukuyahesabu kuwa marejesho ya pili.