Tina ya fundi na maji ya kisima: maswali na majibu

Tina tunayochanganyia vanishi ikishakauka, si imekwisha?

Haikwishi, inahama. Mbao hukauka kwa sababu tina imepanda hewani, na wa kwanza kuivuta ni fundi, kijana anayejifunza kwake, na jirani aliyeanika nguo upande wa pili wa ukuta. Toluini, iliyomo katika tina nyingi, huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu; ukiivuta miaka, hudhuru ubongo. Benzini ya kwenye petroli ni mbaya zaidi: husababisha saratani ya damu. Mafundi wetu wengi hunawa rangi kwa petroli. Tafadhalini, tuache. Pakeni mafuta ya kupikia kidogo, mjisugue, kisha sabuni.

Nitapimaje madhara na mimi sina kifaa?

Unalo daftari. Andika lita ulizonunua mwezi huu, kisha toa zilizobaki. Ukinunua 20, zikabaki 3 safi na 2 chafu, basi 15 umezipeleka hewani au ardhini. Viwanda vya Ulaya vinavyotumia viyeyusho vingi (yaani vimiminika vya kuyeyushia, kama tina) hutakiwa kupiga hesabu ya namna hii hii.

Ile chafu nikiimwaga nyuma ya banda, itafika kisimani?

Kwetu Unguja, kwa wepesi. Sehemu kubwa ya kisiwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji tunayokunywa yako chini yake. Masika yakinyesha, kilichomwagwa juu huteremka nayo bila kuchujwa vya kutosha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Maana yake gramu 1 tu yatosha kuyafikisha kikomoni maji lita 100,000, yaani matangi 20 ya lita 5,000.

Basi si tutanusa?

Hapana. Benzini hupita kikomo hicho mbali sana kabla pua haijaitambua.

Kuchemsha je?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Viyeyusho hupanda na mvuke mukavivuta jikoni. Msikutegemee.

Tukitaka kisima chetu kipimwe?

Waulizeni kwanza maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hapa Zanzibar wanataka chupa gani. Chupa ya soda mtaibeba bure. Inatakiwa ya kioo, ijazwe mpaka mdomoni, na ukiipindua usione hata kipovu kimoja. Kiyeyusho hukimbilia kwenye hewa ya kipovu hicho, na kipimo kikatoka pungufu. Iwekeni kwenye barafu, ipelekwe haraka.

Na tina chafu niifanye nini?

Itie kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, uliache kivulini, mbali na moto na watoto, bila kulitikisa. Baada ya siku kadhaa rangi huzama chini na tina hubaki juu. Imimine taratibu, uoshee brashi tena.