Ule mstari unaojaa mpaka asilimia 100 hauongezi spidi yoyote ya intaneti

Kuna swali tunaulizwa sana kwenye kitengo chetu cha usalama wa mtandao, mtu anasema jana niliongeza spidi na leo intaneti bado nzito vilevile, ukimuuliza uliongezaje anakufungulia tovuti yenye kitufe kikubwa kimeandikwa ongeza spidi bure, unachagua unataka mara mbili au mara kumi, unabonyeza, mstari unaanza kujaa taratibu mpaka 100 alafu unaambiwa hongera. Nyingine mwishoni zinakuletea picha ya kuchekesha ndo unajua ulikuwa utani. Zile ambazo hazisemi kitu ndo zinawaacha watu wameamini kabisa, na wengine wanaapa kwamba waliona tofauti.

Naomba tuelewane hapa kwanza. Ule mstari ni mchoro. Aliyetengeneza ukurasa ameandika maagizo machache ya kompyuta yanayosema hesabu kutoka 1 mpaka 100 kwa sekunde kumi na upake rangi, basi, hamna mahali popote unapowasiliana na rauta yako, yaani kile kifaa kinachokugawia intaneti nyumbani, wala na kampuni inayokuuzia intaneti. Na brauza yenyewe, ile programu unayofungulia tovuti, imejengwa makusudi kuufungia ukurasa ndani, usiguse mipangilio ya kompyuta yako, maana ingekuwa kila tovuti unayopita inaweza kubadilisha mambo yako tungekuwa tumekwisha siku nyingi.

Spidi inaamuliwa wapi basi? Kwanza kwenye mitambo ya kampuni, pale kifurushi chako kimewekewa kikomo, kikomo hicho kiko kwao na wewe kwako huna namna ya kukigusa. Alafu kuna laini au mnara unaokuletea, mnagawana na wenzio ndo maana jioni watu wakiwa wengi inapungua, alafu rauta, alafu waifai inayopita kwenye kuta, na mwisho ile seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza tovuti unayoiomba kitu, nayo ikiwa imeelemewa utasubiri tu hata kama kwako kuko sawa.

Kitu kingine kinachowasukuma watu kutafuta hizi tovuti ni hesabu tu. Kampuni inauza kwa megabiti, kompyuta ukidaunlodi mara nyingi inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 100 kwa sekunde anaona megabaiti 12 na kidogo, anadhani ameibiwa, kumbe 100 gawanya kwa 8 ni 12.5 na anapata chake chote. Nimeshaona watu wanagombana na kampuni kwa sababu ya hii, natamani ingeelezwa wazi siku ya kununua.

Na usijione mjinga kama ulibonyeza. Tarehe 1 Aprili 2007 Google wenyewe waliweka ukurasa wa utani wakitangaza intaneti ya bure ya nyumbani inayopitia kwenye bomba la choo, na maelezo ya kufunga waya wakayaandika kwa umakini kabisa. Mwaka 1995 iliuzwa programu inaitwa SoftRAM iliyodai inaongeza mara mbili memori ya kompyuta, watu wakatoa hela zao, walioipima wakakuta haiongezi kitu, mpaka tume ya biashara ya Marekani ikaingilia. Mtu aliyechoka na kompyuta nzito anataka kuamini, hiyo ni hali ya binadamu.

Ninachokihofia mimi sio ule utani, utani unaisha ukifunga ukurasa. Hofu yangu ni kwamba unazoea kubonyeza, alafu siku nyingine unakutana na tovuti inafanana hivohivo ila hii inakwambia daunlodi faili kwanza, au ruhusu notifikesheni, au weka namba ya simu na paswedi ya waifai. Hapo sio utani tena. Kulikuwa na kirusi kinaitwa DNSChanger, watu walikishusha wakidhani ni programu ya kuchezea video, kikawa kinabadilisha DNS, yaani kile kitabu cha majina ambacho kompyuta inauliza tovuti fulani iko wapi, hivyo unaandika anwani sahihi unapelekwa kwingine. Kompyuta zaidi ya milioni 4 ziliingia, na wahusika walikamatwa mwaka 2011.

Ukitaka kujua ukweli wa spidi yako pima. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa kebo, zima vitu vingine vyote vinavyotumia mtandao, pima mara tatu kwa saa tofauti uandike. Kama kwa kebo ni nzuri na kwa waifai mbovu, tatizo liko ndani kwako, itoe rauta nyuma ya tivii au kabatini uiweke juu na katikati ya nyumba, na ukiwa karibu nayo tumia waifai ya gigahezi 5 badala ya 2.4, hayo ni masafa mawili ambayo rauta nyingi zinarushia, ile 2.4 inafika mbali ila inabanana sana na ya majirani. Kama hata kwa kebo ni mbovu, piga simu kampuni na hizo namba zako mkononi, watakusikiliza tofauti na mtu anayesema tu intaneti inasumbua.

Kama ulishashusha kitu, kitoe, piga skani ya antivairasi, paswedi badilisha ukitumia kifaa kingine sio hichohicho, na ingia kwenye rauta uangalie DNS kama kuna namba usiyoielewa, ulinganishe na za kampuni yako. Na wenye wazazi au watoto nyumbani, tafadhali wakiwaambia wamebonyeza kitu msiwacheke, maana akichekwa leo kesho atanyamaza, na sisi kirusi kilichokaa kimya miezi mitatu kinatupa kazi ngumu kuliko kilichoripotiwa siku hiyohiyo.