Gari la spoti limezeeka, unataka kulitoa hisani: soma hii kabla hujapiga simu waje kulikokota

Tuanze na jibu maana najua wengi mtaishia hapa: ukitoa gari la zamani kwa shirika la hisani hapa Marekani, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya huku, hawaangalii bei unayoijua wewe, wanaangalia hela gari lililouziwa mnadani. Basi. Na kama ni gari la spoti la paa la kukunja, hiyo bei ya mnadani huwa inauma.

Mi kazi yangu ni kuandaa kodi za watu, wateja wengi wabongo na wakenya wa huku, na Desemba lazima atokee mtu ana Mazda Miata ya miaka ya tisini imelala uani chini ya turubai, kaona mtandaoni ziko zinauzwa dola elfu sita elfu saba, kashapiga hesabu kichwani kodi itashuka vipi. Kaka, hiyo ya elfu saba imetunzwa kama yai, yako ina miaka haijawashwa!

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Kabla ya 2005 sheria ilikuwa inaruhusu uandike thamani ya soko, kila mtu akawa mthamini wa gari lake mwenyewe, mkweche usiotembea unaandikwa bei ya kwenye kitabu cha bei za magari utadhani umetoka sheli kuosha jana. Bunge la Marekani likabana mwaka 2004, na toka Januari 2005 kama unadai zaidi ya dola 500, kato lako (kiasi unachoondoa kwenye kipato kabla kodi haijapigwa) kwa kawaida ni bei gari lilipouzwa, shirika linakuandikia fomu 1098-C ndani ya siku 30 toka liuze, na kisanduku cha 4c, chenye bei lilipouzwa, ndo kinakuambia ukweli. Bila hiyo fomu usije kwangu na maneno.

Sasa kwa nini hizi gari za paa la kukunja zinaanguka bei hivyo? Miata ya kwanza, ile yenye taa zinazochomoza, ilitoka 1989 ikaenda mpaka 1997, na dirisha lake la nyuma ni plastiki, likizeeka linafanya njano alafu linapasuka palepale linapokunjwa. Ila hilo linaonekana, baya zaidi ni lisiloonekana, maji ya mvua yakishuka kwenye paa yana vitundu vya kutokea huko nyuma ya viti, majani na vumbi vikiziba basi maji yanaingia ndani, kapeti linalowa, na chini ya milango kutu inaanza kula bodi toka ndani kuja nje, siku ukiiona kwa nje ujue imeshakula sana. Mnunuzi wa mnada anainama pale chini ya mlango kwanza kabla hata hajauliza maili ngapi. Wale wapenzi wenyewe wa hizi gari, wanaoweza kulipa hela nzuri, wengi wako kwenye klabu zao na makundi ya mtandaoni, sio mnadani. Na tukiwa kwenye hilo, mwambieni mtu wa Minnesota anunue gari la juu wazi Januari theluji ikiwa magotini! Watu wanakimbiza Desemba ili wawahi mwaka wa kodi, matokeo yake gari linauzwa msimu mbovu kuliko yote. Subiri Aprili, kwani kodi ya mwaka unaofuata hailipwi?

Kuna njia za kupata kato la thamani kamili, kwa mfano shirika lilitumie lenyewe kwa kazi zake, au limpe au limuuzie mtu mwenye uhitaji kwa bei ya chini sana, au lilifanyie matengenezo makubwa, na kuosha na kupiga rangi hakuhesabiwi. Lakini jamani, Miata ina viti viwili na buti la begi moja, nani atasambazia wazee chakula na hilo?

Kitu kimoja cha kuchekesha: likiuzwa dola 500 au chini unaweza kudai thamani yake ya soko mpaka dola 500. Kwahiyo gari lililouzwa 200 linaweza kukupa kato la 500, na hapo hujavunja sheria yoyote.

Ila yote hayo ni kama unaorodhesha makato yako moja moja, badala ya kuchukua kato la kawaida, lile la jumla unalopewa bila kuorodhesha chochote. Kwa mwaka 2025 kato la kawaida ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa na 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, na wengi wenu mnaishi nyumba za kupanga, hamna riba ya mkopo wa nyumba ya kuorodhesha, hamfiki huko. Usipofika, gari umetoa, umesaidia, Mungu akubariki, kodi haishuki hata senti. Na ile ruhusa mpya ya kuanzia 2026, ya wasioorodhesha kudai walichotoa hisani mpaka dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa, ni ya hela taslimu tu, gari halimo.

Ndo maana mara nyingi nawaambia uza mwenyewe, toa hela. Tuseme mnadani lingeenda 1,400, na uko kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 22, umeokoa isiyozidi dola 308. Ukimuuzia mpenzi wa Miata kwa 4,000 ukazitoa zote ni mpaka 880, na shirika limepata zote, maana kwenye magari mara nyingi kuna kampuni ya kati inayokokota na kuuza na inachukua chake. Waulize wanabaki na ngapi kabla hujasaini. Kama huna muda wa kuhangaika na wanunuzi, sawa, toa gari, ni halali yako.

Ukilitoa, kwenye taito, ile hati ya umiliki wa gari, jaza jina la mpokeaji usiache wazi, na utoe taarifa jimboni kwako, California wanataka ndani ya siku 5. Nimeshaona mtu anatumiwa faini za maegesho za gari alilolitoa miezi nyuma.

Na lile swali la wateja wangu, kwamba si bora kulipeleka nyumbani Afrika Mashariki. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii, usukani wa kushoto ndo kabisa. Tanzania kuna ushuru wa uchakavu unakusubiri bandarini. Alafu kituo cha watoto cha Mwanza hata kiwe na usajili safi, IRS hawakupi kato kwa kukitolea moja kwa moja. Pitishia kwenye shirika la 501(c)(3) la hapa, yaani la hisani linalotambuliwa na IRS, linalokisaidia, hiyo inakubalika, ilimradi shirika lenyewe ndo linaamua hela iende wapi na sio wewe umewapangia.