Wasifu wa sensa wa kijiji cha Kanada: maana yake na namna ya kuusoma

Ukitafuta habari za kijiji chochote cha Kanada, mara nyingi utaanza kukutana na sentensi moja yenye namba tupu: mwaka 2021 kijiji kilikuwa na watu kadhaa, waliokaa katika nyumba kadhaa kati ya nyumba zote zilizopo, wakiwa wameongezeka au kupungua kwa asilimia fulani tangu 2016, na msongamano wao ni watu kadhaa kwa kilomita ya mraba. Sentensi hiyo ni ufupisho wa jedwali refu linaloitwa wasifu wa sensa. Jedwali hilo hutolewa na Statistics Canada, idara ya takwimu ya taifa, baada ya kila sensa, na sensa hufanyika kila baada ya miaka mitano, katika miaka inayoishia na 1 na 6.

Wasifu wa sensa, basi, ni picha ya eneo moja kwa namba: watu ni wangapi, wana umri gani, wanaishi wangapi kwa kila kaya, nyumba zao ni za aina gani, zilijengwa lini, nani anamiliki na nani anapanga, na makazi yanawagharimu kiasi gani. Kwa mji mkubwa picha hiyo inasomeka bila taabu. Kwa kijiji cha watu mia mbili karibu kila mstari una mtego wake, na anayeusoma kama anavyosoma wa Toronto atapotea.

Tuchukue Lytton, kijiji cha jimbo la British Columbia kilichopo pale mto Thompson unapoingia mto Fraser. Sensa ya 2021 ilikuta watu 210. Ile ya 2016 ilikuwa imekuta 249. Wasifu unasema watu wamepungua kwa asilimia 15.7.

Jambo la kwanza ni tarehe. Sensa ya 2021 ilikuwa na siku moja ya rejea, tarehe 11 Mei 2021, na majibu yote yanahusu siku hiyo. Tarehe 29 Juni Lytton ilipimwa joto la nyuzi 49.6, rekodi ya Kanada nzima. Kesho yake, 30 Juni, moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji na watu wawili wakafariki. Matokeo yalipotoka mwaka 2022, wasifu wa Lytton ulieleza nyumba ambazo nyingi zilikuwa zimeshageuka majivu. Hakuna aliyekosea hapo. Sensa hupiga picha ya siku moja, na mtu anayetumia namba za 2021 kupanga jambo la leo hana budi kuuliza nini kimetokea tangu siku hiyo: moto, mgodi uliofungwa, kiwanda cha samaki kilichofunguliwa.

Jambo la pili ni mpaka, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Jina la kijiji na eneo linalohesabiwa kwa jina hilo si kitu kimoja. Lytton ya sensa ni eneo la manispaa ya kijiji peke yake. Maeneo ya Lytton First Nation, wenyeji wa asili wa kabila la Nlaka'pamux, yamekizunguka kijiji, na kila eneo huhesabiwa kivyake. Watu wa maeneo hayo walikuwa wakitumia duka lilelile na posta ileile, na ukijumlisha wakazi wa pembezoni, jamii inayoitegemea Lytton ni kubwa mara kadhaa kuliko wale 210. Anayepanga zahanati kwa kusoma wasifu wa kijiji peke yake atajenga ndogo mno.

Sensa ya Kanada hugawa nchi katika vitengo vya ngazi ya manispaa, na mwaka 2021 vilikuwa 5,161. Kitengo kimoja chaweza kuwa jiji la Montréal, chaweza kuwa kijiji cha watu thelathini. Makazi madogo yasiyo na hadhi ya manispaa huweza kupewa mpaka wa takwimu kwa makubaliano na serikali ya jimbo, ili yapate wasifu wao. Ndiyo maana katika majimbo ya Saskatchewan au Alberta kijiji kikivunjwa kwa kukosa fedha na kumezwa na wilaya inayokizunguka, jina lake laweza kuendelea kuonekana kwenye majedwali, ila sasa chini ya kundi jingine. Mpaka ukibadilika kati ya sensa mbili, namba ya sensa ya nyuma huhesabiwa upya kwa mpaka mpya na kuwekewa alama ya herufi A. Usipoiona alama hiyo utadhani watu wamehama, kumbe uliohama ni mstari kwenye ramani.

Neno "vijijini" nalo lina maana yake rasmi. Eneo huitwa kituo cha wakazi likiwa na watu wasiopungua 1,000 na msongamano wa angalau watu 400 kwa kilomita ya mraba. Kila kilichobaki nje ya hapo ni vijijini. Kwa kipimo hicho, mwaka 2021 watu wapatao milioni 6.6 waliishi vijijini, kati ya Wakanada 36,991,981 waliohesabiwa. Taifa zima lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 5.2 tangu 2016. Vijijini ongezeko lilikuwa asilimia 0.4.

Sasa swali la nani huhesabiwa wapi, ambalo kwa msomaji wa Afrika Mashariki lahitaji uangalifu. Tanzania mwaka 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti, na Kenya ikafanya vivyo hivyo usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Kanada haiulizi ulilala wapi. Inauliza makazi yako ya kawaida ni yapi. Baba wa Newfoundland anayefanya kazi wiki tatu tatu kwenye kambi ya mafuta Alberta huhesabiwa Newfoundland, kwa mke na watoto wake. Mwanafunzi anayerudi kwa wazazi wakati wa likizo huhesabiwa kwa wazazi. Kwa hiyo kijiji chaweza kuonekana kina wanaume wengi wa umri wa kazi, na bado ukifika katikati ya mwezi ukutane na wake na wazee tu.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza maneno "katika nyumba kadhaa kati ya zote". Jumla ya nyumba binafsi ni kila nyumba ya kuishi yenye mlango wake wa kuingilia. Nyumba zenye wakazi wa kawaida ni zile ambazo kuna mtu anayezitaja kuwa ndizo kwake. Kitaifa, mwaka 2021 kulikuwa na nyumba binafsi 16,284,235, na zenye wakazi wa kawaida zilikuwa 14,978,941. Tofauti ni zaidi ya milioni 1.3, yaani kama asilimia 8. Katika kijiji cha kando ya ziwa pengo hilo laweza kuwa nusu ya nyumba zote, na wageni wengi husoma namba hiyo wakadhani kijiji kimekufa. Hapana. Nyingi ni nyumba za mapumziko ambazo wenyewe huja kiangazi, na tarehe 11 Mei walikuwa bado mjini. Kinyume chake, usidhani pengo hilo ni nyumba zinazongoja mpangaji. Ndani yake zimo za mapumziko, zinazouzwa, zilizoachwa na warithi, na zinazokaliwa na wageni wa muda. Wasifu hauzitenganishi kwa namna itakayokusaidia kutafuta pa kukaa.

Kuna pia makazi ya jumuiya: nyumba za kulelea wazee, hospitali, magereza, kambi za wafanyakazi, na makoloni ya Wahutterite, Wakristo wanaoishi na kumiliki mali kwa pamoja, katika nyanda za Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Watu wake wamo katika jumla ya wakazi, lakini hawamo katika hesabu ya wastani wa ukubwa wa kaya wala katika takwimu za nyumba. Ukigawa jumla ya watu kwa idadi ya nyumba ukapata namba tofauti na wastani uliochapishwa, tafuta kwanza nyumba ya wazee. Hiyohiyo huweza kuinua umri wa kijiji kizima.

Asilimia nazo zisomwe pamoja na hesabu halisi. Kijiji cha watu 20 kikihamwa na familia moja ya watu watano kimepungua kwa asilimia 25, ilhali mji wa watu elfu ishirini ukipoteza familia hiyohiyo hakuna kinachoonekana. Andika daima namba zote mbili, ya zamani na ya sasa, kabla ya kuandika asilimia.

Ili kulinda siri za watu, idadi zilizomo ndani ya wasifu, kama za makundi ya umri, lugha au aina za nyumba, husogezwa juu au chini kwa bahati nasibu hadi namba inayogawanyika kwa 5, na wakati mwingine kwa 10. Ukiona watoto 5 wa umri wa miaka 0 hadi 4, huenda kwa hakika ni wawili, huenda ni wanane. Kila mstari husogezwa peke yake, ndiyo maana ukijumlisha makundi hupati jumla iliyoandikwa juu. Watu hudhani ni makosa ya uchapaji na kuanza kuandika barua. Katika kijiji kidogo unganisha makundi ya umri kabla ya kulinganisha: watoto wote chini ya miaka 15, watu wazima, na wenye miaka 65 na zaidi. Kundi hili la mwisho lilikuwa asilimia 19.0 ya taifa mwaka 2021, na hicho ndicho kipimo kizuri cha kulinganishia. Eneo lenye watu chini ya 40 hufichiwa sifa zote, hubaki idadi ya watu na ya nyumba. Kwa mapato, kizingiti ni kikubwa zaidi.

Ugumu mkubwa uko kwenye dodoso refu. Kila kaya hujibu dodoso fupi: umri, jinsia, uhusiano wa wanakaya, lugha. Dodoso refu, lenye maswali ya nyumba, elimu, kazi na uhamiaji, mwaka 2021 lilipelekwa kwa kaya moja kati ya nne. Ni katika maeneo ya wenyeji wa asili na maeneo ya mbali kabisa tu ndipo hupelekwa kwa kaya zote. Kijiji cha kaya 100, basi, husimuliwa na kaya kama 25, kila moja ikibeba sauti ya nne. Nyumba moja yenye paa bovu ikiangukia kwenye sampuli, wasifu unasema nyumba nne au tano zahitaji matengenezo makubwa. Mwaka 2011 mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani dodoso refu liligeuzwa uchunguzi wa hiari, na zaidi ya vitengo 1,000, vingi vyao vijiji vidogo, havikuchapishiwa matokeo kwa sababu waliojibu hawakutosha. Ulazima ulirudi 2016. Ukiona pengo la 2011 katika mfululizo wa takwimu za makazi, sababu ni hiyo.

Sehemu ya nyumba yenyewe husomwa hivi. Umiliki una makundi matatu: mwenye nyumba, mpangaji, na nyumba iliyotolewa na serikali ya eneo au taifa la wenyeji wa asili. Kitaifa wenye nyumba walikuwa asilimia 66.5 mwaka 2021. Vijijini kwa kawaida ni wengi zaidi, na kwa mgeni hiyo si habari njema, kwa sababu maana yake nyumba za kupanga ni chache. Thamani ya nyumba ni makadirio ya mwenyewe, wala si bei ya sokoni. Haja ya matengenezo makubwa, kama mabomba au nyaya mbovu, au kuta na sakafu za kujengwa upya, nayo husemwa na mkazi. Hakuna fundi anayekuja kukagua.

Nafasi ya kutosha hupimwa kwa vyumba vya kulala. Wanandoa chumba kimoja, kila mtu mzima asiye na mwenza chumba chake, watoto wawili kwa chumba, na kuanzia miaka mitano wa kike na wa kiume wasichangie. Familia ya bibi, wazazi na watoto watano ndani ya nyumba ya vyumba vitatu itaandikwa kuwa haina nafasi ya kutosha, hata kama wenyewe wameridhika kukaa pamoja. Huo ni mpangilio uliowekwa kwa kaya ndogo, na wahamiaji kutoka kwetu wajue kwamba unawahesabu hivyo.

Gharama huonekana nzito zikifika asilimia 30 ya mapato ya kaya kabla ya kodi. Nyumba iliyoshindwa walau kipimo kimoja kati ya vitatu hivi, yaani matengenezo, nafasi na gharama, na ambayo wakazi wake wasingemudu kodi ya nyumba nyingine nzuri hapo hapo bila kuvuka asilimia 30, huhesabiwa kuwa na uhitaji mkuu wa makazi. Kiwango cha taifa kilishuka kutoka asilimia 12.7 mwaka 2016 hadi 10.1 mwaka 2021. Kabla ya kushangilia, kumbuka mambo mawili. Mapato ya sensa ya 2021 ni ya mwaka 2020, mwaka wa janga la korona, serikali ilipokuwa ikitoa dola 2,000 kwa kila wiki nne kwa waliopoteza kazi. Na kipimo hiki hakizihusu kaya za wakulima wanaoendesha shamba wala nyumba zilizo katika maeneo ya wenyeji wa asili. Katika wilaya ya mashamba, au jirani na maeneo ya aina hiyo, kaya zilizoachwa nje ya hesabu zaweza kuwa nyingi kuliko zilizomo.

Namba ya sensa pia si makadirio ya idadi ya watu. Sensa huwakosa baadhi ya watu, na hesabu yake haisahihishwi kwa hilo. Makadirio ya kila tarehe 1 Julai husahihishwa, ndiyo maana ya Julai 2021 yalikuwa karibu milioni 38.2 huku sensa ya Mei ikisema milioni 37 kasoro. Usichukue mwanzo kwenye moja na mwisho kwenye nyingine. Na maeneo 63 ya wenyeji wa asili hayakukamilika kuhesabiwa mwaka 2021: jedwali lao huachwa tupu, na utupu huo usiandikwe sifuri.

Siku ya rejea ya sensa ya 2026 ni 12 Mei. Kwa Lytton, mstari wa kwanza wa kuutazama utakuwa ule wa nyumba kwa mwaka wa ujenzi, kwa sababu zile za zamani zitakuwa zimepungua kwa ghafla, na zitakazoonekana zimejengwa baada ya 2021 ndizo zitakazoonyesha ni kaya ngapi zilipata pa kurudi.